"Bandia" ni feki, au ni ya kutengenezwa tu? Neno hili limenikata nusu ya malipo

#1 Mfasiri wa Kihonda (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite na baraka zangu.

Kazi yangu ni kutafsiri. Vipeperushi, mikataba ya pango, maelezo ya dawa za mifugo, chochote kinacholipa. Mwezi uliopita wadau fulani wa kilimo (siwataji, bado nawadai) walinipa kipeperushi cha kurasa nne cha kuwahimiza wakulima wachanganye samadi na mbolea za viwandani. Kila palipotajwa mbolea iliyotengenezwa kiwandani, mimi nikaweka "mbolea bandia". Kichwani ilikaa sawa kabisa: meno bandia, mguu bandia, nyasi bandia, basi na mbolea bandia. Kitu ambacho hakikuota wala hakikuzaliwa, kimetengenezwa na binadamu. Nikakabidhi, wakachapa nakala 500, zikagawiwa vijiji vya Mvomero.

Siku ya nne simu inaita. Mwenye duka moja la pembejeo kavamiwa na mteja wake. Mzee kaja na mfuko wa DAP, mbolea ya dukani, begani, ulishafunguliwa, kaubwaga kwenye kaunta mpaka mizani ikaruka, kisha akakunjua kipeperushi changu. Kidole kimekanyaga mstari huu: "Mbolea bandia isitumike peke yake kwa miaka mingi mfululizo." Mzee anauliza: "Mwaka wa tatu huu mnaniuzia bandia, na leo mnaniandikia kabisa?" Mwenye duka anaapa, anaonyesha lebo, anaonyesha risiti. Mzee anasema karatasi imeshasema. Hadi adhuhuri walikuwa wamefika wanne.

Nikakatwa nusu ya malipo, na nakala zilizobaki nasikia zinafungiwa maandazi.

Sasa nisaidieni. Kamusi ninayo na inanitetea: bandia ni kitu kisicho halisi, kilichotengenezwa kufanana na cha asili. Kwa nini basi nyasi bandia zinachezewa mpira na hakuna anayeita polisi, lakini ukikutwa na noti bandia unalala ndani? Neno si ndilo lile lile?

#2 Ngoja Waje

Nimevuta kigoda, wataalamu wanakuja.

#3 Tandale kwa Mtogole

Mkuu pole, ila umeyataka. Bandia ni feki. Nukta.

Mimi somo hili nililipata mwaka 2016, ule mwezi wa sita TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki. Nilibonyeza *#06#, nikatuma zile tarakimu 15 za utambulisho wa simu kwenda 15090, jibu lililorudi sikulipenda. Usiku wa tarehe 16 ikazimika kweli. Simu yenyewe ilikuwa inapiga, inapokea, ina tochi, redio, laini mbili, na betri ya siku tatu. Kazi zote za simu ilifanya. Ila jina la kampuni mgongoni lilikuwa na herufi moja ya ziada. Kwa hiyo hata hoja ya kwamba "kinafanya kazi" haikusaidii. Changu kilifanya kazi kuliko cha jirani na bado kilikuwa bandia.

#4 Bi Mwanaisha wa Kuze

Salaam aleikum wanangu. Nyinyi mmelikuta neno limeshachafuka.

Sisi tulipokuwa wadogo hapa Mombasa, bandia ni mtoto wa kuchezea. Nyanya yangu alikuwa akichukua kipande cha leso kuukuu, anakijaza sufi, anakishona, macho anayatia kwa uzi mweusi na mdomo kwa uzi mwekundu. Nywele ni nyuzi za katani alizozichambua kwenye kamba. Hilo ndilo bandia. Unalibeba mgongoni, unalilisha, ukimkasirikia mwenzio unamficha lake. Hata kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ukiifungua, bandia ni huyo huyo mwanasesere. Hakuna aliyekuwa akidanganywa. Nani atamwona bandia wa leso adhani ni mtoto wa kweli?

Kwa hivyo mimi nikisikia "mguu wa bandia" sisikii ubaya wowote. Nasikia mfano.

#5 Mfasiri wa Kihonda

Bi Mwanaisha shikamoo. Hapo umenifungua macho. Kumbe lilianza kama jina la kitu, sifa ilikuja baadaye.

#6 Mwalimu Kidato

Ndiyo maana nawafundisha wanafunzi wangu kanuni hii: ukiweka kiunganishi, ni cha kutengenezwa (mguu *wa* bandia, mtoto *wa* bandia). Ukikiondoa, ni cha udanganyifu (noti bandia, dawa bandia, cheti bandia). Mleta uzi angeandika "mbolea ya bandia" yasingemkuta.

#7 Kirumba Stendi

Mwalimu kanuni yako nzuri ila haijawahi kwenda uwanjani. Uwanja wa Nyamagana hapa Mwanza ni nyasi bandia. Kaitaba nyasi bandia. Amaan nyasi bandia. Hakuna kiunganishi na hakuna utapeli. Nimecheza Nyamagana saa nane mchana: joto linapanda kupitia njumu mpaka unyayo unaona umekanyaga bati, na zile chembe nyeusi za mpira unazikuta kwenye soksi mpaka wiki ijayo. Zinaudhi, lakini ni nyasi bandia halali, zimelipiwa ushuru.

Na mahakamani nimewahi kusikia karani anasoma "noti za bandia". Na kiunganishi kipo!

#8 Mwalimu Kidato

Sawa, nimepigwa mawili bila. Lakini hamjanipokonya lote: neno lilikuwa nomino, na nomino ikifuata nomino huhitaji "-a". Wenye kufupisha ni waandishi wa vichwa vya habari. Nafasi ni ndogo, "wa" inakatwa.

Niongeze jambo ambalo sina shaka nalo. Liweke neno kwa mtu mwenye kazi yake: daktari bandia, askari bandia, mwanasheria bandia. Hapo utapeli ni lazima, uwe na kiunganishi au usiwe nacho. Hakuna daktari bandia wa heri.

#9 Mtoto wa Fundi Baiskeli

Nilikuwa napita tu ila post ya Bi Mwanaisha imenisimamisha.

Baba yangu alikatwa mguu wa kulia chini ya goti mwaka 1998. Mguu alionao sasa ni wa tatu. Wa kwanza alitengenezewa Moshi, pale hospitali ya KCMC kwenye chuo cha mafundi wa viungo bandia, na mpaka leo anauita "mguu wa Moshi", hata huu wa tatu ambao hakuupatia huko. Asubuhi anakipaka kigutu poda, anavaa soksi mbili za pamba, anakiingiza, anasimama, anagonga chini mara moja. Akisikia mlio haumridhishi anavua anaanza upya. Sijawahi kumsikia akisema "mguu bandia". Siku moja muuguzi kijana alimuuliza, "Mzee, bandia ni upi?" Akajibu, "Bandia ni huu uliobaki, kutwa unauma."

Kwenye karatasi za hospitali imeandikwa viungo bandia na hatujawahi kukwazika. Lakini mngemwandikia kipeperushi kisemacho "achana na miguu bandia", angekuwa amefika kabla ya yule mzee wa Mvomero.

#10 Mkulima Kitale

Hamjambo wadau, mimi niko Kenya upande wa Trans Nzoia. Mfasiri, shukuru Mungu kipeperushi chako hakikuvuka mpaka. Huku mwaka 2024 watu walinunua mifuko iliyouzwa kama mbolea ya ruzuku ikaja kugundulika si mbolea. Magazeti yakaandika mbolea ghushi, vijijini tukasema mbolea feki, redioni nikasikia bandia. Ungetuletea karatasi ya "mbolea bandia" msimu ule, duka lingechomwa.

Sisi "ghushi" tunalipenda kwa sababu halina utata. Hakuna anayesema mguu ghushi. Ghushi ni wizi tangu kuzaliwa kwake.

Na kwa vile mmeingia mambo ya kutengenezwa, niwachekeshe. Juzi mwanangu alikuja kutoka chuoni akaniambia "Baba, ei-ai itabadilisha kilimo." Nikamwambia mimi ei-ai naijua tangu 1987, mhudumu anakuja na pikipiki, kachupa ka gesi ya baridi nyuma, glovu mpaka begani, na ng'ombe anashika mimba. Tulibishana dakika kumi kabla hatujagundua kila mmoja anaongelea yake: yeye akili ya kompyuta, mimi kupandikiza ng'ombe mbegu, na kwa Kiingereza zote mbili zinafupishwa AI.

#11 Bwana Mifugo Mstaafu

Mkulima umenichekesha sana. Huku Tanzania hiyo ya kwako tunaiita uhamilishaji, na kituo cha taifa kiko Usa River, Arusha. Tazama jinsi neno lilivyotulia: halina bandia, halina feki. Ndama aliyezaliwa kwa uhamilishaji haitwi ndama bandia. Kama wataalamu wangeandika "mimba bandia", wafugaji wangetutimua na makopo yetu ya mbegu.

#12 Kijiwe cha Kahawa

Naona mnalaumu neno moja wakati tatizo ni la ukoo mzima.

Chukueni Kiswahili chetu cha mtaani na mpange maneno yote ya kazi ya mikono. *Kuchonga* ni kazi ya heshima, Wamakonde wanajulikana dunia nzima kwayo. Lakini leo mtu akikwambia "msomi wa mchongo" au "ndoa ya mchongo" unajua hakuna kitu. *Sanaa* ni ufundi, lakini fundi akichukua hela ya mbao na kupotea, "ametufanyia usanii". *Kutunga* ni kwa washairi, na ni kwa waongo. *Kupika* unapika wali, unapika na majungu. *Kuunda* unaunda jahazi, unaunda na zengwe.

Na *kutengeneza*! Mtu akiumwa ugonjwa usioeleweka, wazee wanauliza kwa sauti ya chini: huu ni wa Mungu, au katengenezwa? Wakisema "hapa kuna mkono wa mtu" hawamsifu fundi. Kwa asili, kisichotoka kwa Mungu kimetoka kwa mtu, na cha mtu kinaogopwa kwanza, kinachunguzwa baadaye. Kabla ya simu za 2016 na kabla ya uhakiki wa vyeti wa 2017 (watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti visivyo halali, mtakumbuka, mtaani vyeti feki, kisheria kughushi), mkono wa mtu ulikuwa tayari una kesi.

Ila angalieni upande wa pili, hapo ndipo panaponifurahisha. Mkulima akitaka kutofautisha kuku, hasemi kuku wa asili na kuku bandia. Anasema kuku wa kienyeji na kuku wa kisasa. Maua ya sebuleni ni maua ya plastiki. Maziwa ya mtoto ni ya kopo. Kucha ni za kubandika, hata kama mwaka 2018 Spika Ndugai alipowazuia wabunge wenye kope na kucha hizo kuingia bungeni, magazeti yaliandika "bandia". Na bwawa la Mtera ni bwawa, halihitaji kuitwa ziwa bandia. Mswahili anataja kitu kimetengenezwa kwa nini, kinatoka wapi, au kinawekwaje. "Si cha asili" hakimsaidii kununua.

#13 Tandale kwa Mtogole

Huyu wa kijiwe aongezewe kashata.

Halafu "kubandika" si ndilo lililozaa "bandia"? Kucha za kubandika = kucha bandia. Kazi kwisha.

#14 Mwalimu Kidato

Kufanana sauti si ukoo. Bandia la Bi Mwanaisha lilishonwa, halikubandikwa.

#15 Mzaliwa wa Makunduchi (Muscat)

Nawasalimu kutoka huku Oman. Wa kijiwe kataja sanaa, nimpe nyongeza. Kiarabu cha kitu cha kutengenezwa ni *istinaai*, na mzizi wake ni ule ule uliotupa sanaa. Akili ya kompyuta hapa wanaiita dhakaa istinaai. Kwa Mwarabu ina harufu ya kiwanda na ufundi. Nyumbani tukaiita "akili bandia", nikampigia mama yangu kumwambia mtoto anasomea akili bandia, akasema "Na ada mnalipa?"

#16 Ngoja Waje

😂😂 Ada mnalipa! Ila si BAKITA, baraza la Kiswahili, walishatoa "akili mnemba"?

#17 Kirumba Stendi

Mnemba mimi nilikuwa nakijua kisiwa tu, kule mbele ya Matemwe, watalii wanakwenda kuzamia.

#18 Mkulima Kitale

Sisi huku tumezoea "akili unde". Imeundwa, basi ni unde. Mtoto wa darasa la nne anaelewa bila kamusi. Hiyo mnemba mpaka uelezwe.

#19 Mwalimu Kidato

Kueleweka haraka si sifa pekee ya istilahi. Neno usilolijua halina deni la zamani, unalijaza maana unayotaka. "Mnemba" kwa Watanzania wengi lilikuja tupu, sasa redioni na bungeni limejaa. "Bandia" lilikuja na noti, dawa na daktari wa mchongo ndani yake. Na "unde" mmesahau alichosema wa kijiwe: kuna kuunda zengwe.

#20 Mkulima Kitale

Kuna pia kuunda tume, na hizo mnazo nyingi huko.

#21 Maabara ya Jioni

Nafundisha kemia. Sisi tuna "sanisi", na "usanisi" ni kuunganisha vitu vidogo kupata kimoja kikubwa. Mpira sanisi, nyuzi sanisi. Kikwazo ni kwamba mwanafunzi neno hili kalisikia kwanza kwenye *usanisinuru*, jani linapojipikia chakula kwa mwanga wa jua. Yaani neno tulilolitenga kwa vitu vya maabara, tumelibandika pia kwenye jambo la asili kuliko yote duniani. Nikisema "nyuzi sanisi" kuna mmoja lazima aulize kama zinahitaji jua.

#22 Mtu wa Ngomeni, Tanga

Hizo nyuzi zisitajwe kwa mzaha mbele ya watu wa Tanga.

Babu alikuwa mkata mkonge. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 za katani, dunia nzima hakuna aliyetufikia. Kisha zikaja kamba za plastiki, nyepesi, hazinyonyi maji, bei chee. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa akiziita "nyuzi bandia", na sisi watoto tukawa tunasubiri siku zitakapokamatwa. Hazikukamatwa. Mashamba ndiyo yaliyogeuka vichaka, na babu akaishia kuuza mkaa.

Na huo mkonge tuliouita wa asili? Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, wenyewe kwao ni Meksiko. Kwa hiyo mtu akiniambia hiki asili hiki bandia, namuuliza tangu lini.

#23 Bi Mwanaisha wa Kuze

Wanangu, nimesoma yote, miwani nimeivua mara mbili. Mimi naona hivi. Bandia la nyanya yangu, aliyelishona anajua, niliyepewa najua, jirani anajua. Nyasi za huyo wa Mwanza kadhalika. Mguu wa baba wa yule kijana, sote tunajua. Hapo neno halina hatia. Noti, ni mmoja tu ajuaye, yule anayekupa. Simu ya Tandale, ajuaye ni muuzaji. Hapo ndipo bandia linapogeuka ghushi.

Yule mzee wa Mvomero alipolisoma, alijiona kuwa yeye ndiye pekee hakuwa akijua. Ningekuwa mimi pia ningebeba mfuko nirudi dukani.

#24 Maabara ya Jioni

Na akili ya kompyuta je, Bi? Ukiandikiwa barua nayo, unajua?

#25 Bi Mwanaisha wa Kuze

Nikijua ni mnemba. Nisipojua ni ya yule daktari wa Mwalimu.

#26 Mfasiri wa Kihonda

Wakuu nimerudi, mrejesho.

Baada ya post ya Bi Mwanaisha nilichukua bodaboda hadi Mlali, nikamkuta mama mmoja anapalilia nyanya. Sikumtajia neno lolote, nikamuuliza tu anatumia mbolea gani. Akaninyooshea kidole: "Hii ya kuku, ile pale ya ng'ombe, na kuna ya dukani, hiyo naweka wakati wa kuzalisha." Nikamuuliza, na mbolea bandia? Akasimamisha jembe. "Hiyo si ndiyo ile ukimwaga majani hayabadiliki? Umeiona wapi?" Ilibidi nimtulize, alishaanza kumwita jirani.

Nimeandika upya. Mara ya kwanza nimeweka "mbolea za viwandani, yaani hizi za dukani", baada ya hapo "mbolea za dukani" mpaka mwisho. Wale wadau walitaka "chumvichumvi" kwa sababu ndilo la vitabuni, nikawaambia wazee wanalijua lakini vijana wanaweza kudhani ni chumvi ya mawe ya ng'ombe. Wamekubali. "Bandia" nimelibakiza mahali pamoja tu, ukurasa wa nne: "Jinsi ya kutambua mbolea bandia", na hapo nimeeleza mshono wa mfuko, lebo na risiti.

Wamesema ile nusu wataniletea wiki ijayo, pamoja na kazi nyingine ya simu inayotambua magonjwa ya mahindi kwa picha. Humo akili mnemba imetajwa mara kumi na nne.

#27 Tandale kwa Mtogole

Hiyo nusu hakikisha si ya mchongo.